Wiki ya Magoti

Jumatatu

Nilipanga foleni steshenari tangu asubuhi kutoa kopi za karatasi za mchezo. Mbele yangu walikuwepo wanafunzi wenye vyeti vya kuzaliwa na baba mmoja mwenye hati ya shamba ya kurasa nyingi. Zamu yangu ilipofika, wino ukaisha. Karatasi nimezichora kwa rula.

Mchezo wenyewe ni wa kukaa mezani na kusimulia. Mwendeshaji anaeleza ulimwengu na hatari zake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anamsemea na kumwamulia. Jambo likiwa gumu, dadu ndizo zinasema kama limewezekana. Mwendeshaji wetu ni kijana wa duka la dawa za mifugo, naye ameuhamishia mchezo hapa kwetu Ukimbu, enzi za Nyungu ya Mawe, mtemi wa vita aliyefariki mwaka 1884 na kurithiwa na binti yake Mgalula. Misafara ya pembe za ndovu inapita katika vichaka tunavyovifahamu. Kwingine watu huucheza kwa majoka na ngome za Ulaya.

Jioni tulirusha dadu tatu kwa kila sifa: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima, mvuto. Jumla ndogo kabisa ni 3, kubwa ni 18. Nguvu nilipata 16. Akili nikapata 5. Dadu tatu zina namna 216 za kuanguka, na ni namna 10 tu zinazotoa 5 au pungufu. Mwalimu mmoja tunayecheza naye alicheka mpaka akakohoa. Dada mshonaji, mchezaji mwenzetu mwingine, alinihurumia, akasema nirushe tena. Nilikataa. Mhusika wangu ni mpagazi na anaitwa Magoti.

Jumanne

Kikao cha kwanza tulikifanya kwenye baraza la duka la dawa. Kiti changu kilikuwa ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa viti vilichukuliwa msibani na havijarudi. Ndoo ina ukingo mkali.

Mwalimu alitaka Magoti aongee kwa kigugumizi, atokwe na udenda na kuangukaanguka. Alisema mjinga huigizwa hivyo. Nilimwambia hapana, mwalimu. Ulimi wa Magoti ni mzima. Anasema sentensi fupi, kwa sababu ndefu humpotea katikati. Akiulizwa swali, husubiri kwanza, kisha hujibu swali hilohilo, si lile lililofichwa nyuma yake. Ana anachokipenda: mzigo uliofungwa vizuri, na mtu anayemwita kwa jina. Mwalimu alisema hilo halichekeshi.

Mvua ilishuka juu ya mabati, hatukusikiana tena. Mwendeshaji alipiga kelele kuwa kikao kimeahirishwa. Nilielewa nilipowaona wanaondoka.

Jumatano

Foleni ya mashine ya kusaga. Habari za Magoti zilinitangulia. Mzee mmoja niliyemwamkia shikamoo aliitika marahaba, kisha akaniuliza moja jumlisha moja ni ngapi. Waliokuwepo wakasubiri jibu. Debe langu likarukwa mara mbili, na aliyeruka akasema alidhani sitagundua. Unga niliupata saa saba.

Nikiwa pale nilimfikiria kijana wa jirani ninayemtazama ninapomuigiza Magoti. Shule ilimshinda mapema, na darasani walimcheka hadi akaacha kwenda. Sasa anachunga. Ng'ombe mmoja akikosekana jioni anajua ni yupi, ingawa ukimwuliza idadi yao anababaika. Mvua ikikaribia hukaa pale alipoambiwa akae, hata kama aliyemwambia amesahau. Kucheza akili 5 kwa kutoa udenda ni kumcheka huyo mbele ya meza. Sitaki. Nimelisema hili nyumbani kwa sauti ya kawaida, na mke wangu ameniunga mkono.

Alhamisi

Hakukuwa na mchezo. Mwendeshaji alikuwa barabarani akisubiri gari kutoka Itigi lililobeba chanjo ya kideri. Gari lilinasa kwenye tope. Liliingia usiku, barafu imeshayeyuka, na kuku wa watu walikuwa wamefungwa miguu tangu alfajiri. Waliokuja nao walimlaumu mwendeshaji.

Nilipata muda wa kuwaza kanuni. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, walipotoa mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons mwaka 1974, waliweka akili peke yake na hekima peke yake. Katika hilo walipatia sana. Magoti ana akili 5, lakini hekima yake ni 13: hajui kupanga hila, ila anahisi mtu akikasirika kabla hajanyanyua mkono. Kwenye lugha siafikiani nao. Kanuni zao za kwanza zilimpa lugha za ziada mhusika mwenye akili zaidi ya 10. Hapa sokoni mama anapatana bei ya dagaa kwa Kikimbu, Kisukuma, Kinyaturu na Kiswahili kabla ya saa nne, na hakuna aliyemrushia dadu. Magoti nimempa lugha tatu. Mwendeshaji ameridhia.

Ijumaa

Siku ngumu. Msafara ulifika kwenye lango la boma, na mlinzi akatutegea kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Mwalimu na dada mshonaji walikuwa nyuma na mizigo. Mbele nilikuwa mimi peke yangu. Mtoto aliyekuja kununua dawa ya kupe alijibu "yai" bila kusimama.

Mimi nilijua. Magoti hakujua. Hapo ndipo ugumu wote wa mhusika wa aina hii ulipo, na ndipo wachezaji wengi wanapodanganya: wanamuigiza mjinga wakati wa mzaha, mambo yakikaza wanamwazima akili zao. Niliomba dadu tatu zishuke 5 au chini. Zikatoa 11. Magoti alimwambia mlinzi kwamba nyumba isiyo na mlango haijaisha kujengwa, na akajitolea kusaidia. Tulilala nje ya boma.

Usiku wakaja ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi. Kiongozi wa msafara, mhusika wa mwalimu, alikuwa amemwagiza Magoti asiseme kwamba tuna pembe. Walipomuuliza tumebeba nini, Magoti alijibu kwa adabu: "Nimekatazwa kusema pembe." Pembe zote zikachukuliwa.

Mwalimu hakuniaga. Dada mshonaji aliniaga, lakini aliangalia pembeni. Nilitembea nyumbani kwa mwanga wa simu yenye asilimia nne.

Sikujuta na sijuti. Magoti alilitii agizo kama alivyolielewa. Namba ndogo isiyomgharimu mtu chochote ni pambo tu.

Jumamosi

Nilikwenda kibanda cha video, nikalipa kiingilio, umeme ukakatika. Kiingilio hakirudishwi.

Gizani tulijadili wachekeshaji. Mmoja alimtaja King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka mwaka 2018. Mwingine alimtaja Rowan Atkinson na Mr Bean wake. Nilisema kile ninachokiamini: Mr Bean hachekeshi kwa sababu ni mjinga, anachekesha kwa sababu yuko makini kabisa. Akivaa soksi, anavaa soksi kwa moyo wote. Hamkonyezi mtazamaji kumwambia kwamba yeye mwenyewe anajua zaidi. Mwigizaji akikonyeza tu, mhusika amekufa. Mzee wa mashine ya kusaga alikuwepo. Alisema anaitafakari hoja hiyo, na safari hii hakuniuliza hesabu.

Jumapili

Baada ya ibada tulikutana kuamua kama msafara umfukuze Magoti. Viti vya msibani vilikuwa vimerudi, lakini wateja wa dawa walivikalia. Nilipewa ndoo.

Mwalimu, kwa kinywa cha kiongozi wa msafara, alitoa hotuba ndefu ya kumshtaki. Magoti alisikia mwanzo wake tu. Akauliza kama kesho mizigo itafungwa kwa kamba ya ngozi au ya magome, kwa sababu ya ngozi imeanza kukatika. Kiongozi alinyamaza. Alikuwa hajaikagua.

Dada mshonaji, ambaye mhusika wake ni mganga, ndiye aliyepata njia. Alimkalisha Magoti chini akamfundisha jibu la kuwapa wageni wote: "Muulize mkubwa wangu." Maneno matatu. Alimrudisha tena na tena, akijifanya ruga-ruga, akijifanya mfanyabiashara, akijifanya mama wa kijiji, mpaka Magoti akaweza. Hakumfokea hata mara moja. Kazi hiyo ilikula nusu ya kikao na mwendeshaji hakuikatiza, ingawa mteja alikuwa anagonga meza akitaka dawa ya minyoo ya mbuzi.

Tulipokuwa tunakusanya karatasi, mwalimu alivuta dadu akasema kiongozi wake anahitaji mpagazi wa pili. Alirusha kwa sifa ya akili, akapata 4. Aliuliza kama anaruhusiwa kurusha tena, mwendeshaji akakataa. Basi akahamishia kiti chake karibu na ndoo yangu, akaniuliza mtu wa akili 4 anajuaje kwamba mzigo wake ni wake. Nilimwambia tuanze na fundo.