Jinsi ya Kupima Utafiti Ambamo Kila Meneja Ameufurahia Mfumo

Anza na sura ya mbinu. Matokeo yaache kwanza, hata kama yamepambwa kwa michoro ya rangi. Tafuta jibu la swali moja: nani alimpa mtafiti orodha ya mameneja wa kuhojiwa? Ikiwa ni mkurugenzi aliyeununua mfumo wa kompyuta unaotafitiwa, au ofisi ya TEHAMA iliyoujenga, basi ulichoshika ni hotuba ya uzinduzi iliyojalidiwa vizuri. Meneja gani atamwambia mgeni wa bosi wake kwamba mfumo wa bosi haufunguki?

Kisha tazama idadi. Watafiti wengi wakifikisha mahojiano 12 hufunga daftari na kuitaja makala ya Greg Guest na wenzake ya mwaka 2006. Waulize kama wameisoma makala yenyewe. Akina Guest walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria. Waliona mada nyingi zimeshajitokeza ndani ya 12 ya mwanzo, wakatahadharisha kwamba hilo linafaa kwa kundi la watu wanaofanana. Meneja wa fedha wa makao makuu na meneja wa tawi la wilayani, anayesubiri mtandao urudi ndipo aidhinishe likizo ya mtu, wanafanana cheo tu.

Sasa ingia kwenye nukuu. Mameneja wote wakisema "changamoto ni ukosefu wa mafunzo", tia shaka. Hiyo ndiyo lawama isiyomuudhi mtu yeyote ofisini. Mtafiti hodari huongeza swali: mara ya mwisho ulipoingiza ripoti, ilikuwaje? Hapo ndipo daftari la kaunta hutoka kwenye droo, ikajulikana kwamba kazi yote bado imo humo, na mfumo hujazwa Ijumaa jioni na katibu muhtasi mwenye nywila ya meneja. Utafiti usiofika kwenye droo hiyo upe alama ndogo.

Kipimo changu ni utafiti wa Wanda Orlikowski wa mwaka 1992, katika kampuni kubwa ya ushauri Marekani iliyonunua Lotus Notes ili watu wake washirikishane maarifa. Mkuu wa teknolojia aliiamini sana programu hiyo. Orlikowski hakuishia kwake. Alizungumza na watu wa ngazi mbalimbali, akabaini kwamba saa asiyoilipia mteja ilionekana hasara, hivyo muda wa kujifunza haukupatikana. Tena, mshauri anayewania kupanda cheo hakuona sababu ya kumpa mwenzake anachokijua. Ugunduzi wa namna hiyo hautoki kwenye mazungumzo ya dakika ishirini huku afisa uhusiano amekaa pembeni.

Wewe unayesimamia tasnifu, ukikuta kazi isiyosema orodha ya wahojiwa ilitoka wapi, irudishe kabla hujafungua sura ya nne, ile ya matokeo. Kuna ofisi itakayonunua mfumo mwingine kwa kuitegemea kazi hiyo.