Jinsi ya Kutengeneza Mvinyo Dodoma Bila Kujifanya Mfaransa

Mtu anayetaka kuanzisha kiwanda kidogo cha mvinyo Tanzania ana moyo mkubwa, na mwongozo huu umeandikwa ili moyo huo usiishie kwenye madeni. Kazi ya kwanza ni nyepesi: chukua ile karatasi uliyoandikia jina la kiwanda, lile jina la Kifaransa ambalo hakuna mtu wa Majengo wala Nkuhungu atakayelitamka, ulikate kwa kalamu nyekundu. Kata pia mchoro wa ngome uliotaka uwe kwenye lebo. Dodoma haina ngome za namna hiyo na haizihitaji. Ina mawe, mibuyu, vumbi jekundu na mizabibu, na vinne hivyo vinatosha kabisa.

Kazi ya pili ni ngumu kidogo: usinunue chochote. Usinunue matangi, usinunue mashine ya kufunga vizibo, na tafadhali lisahau pipa la mwaloni. Kwanza nenda Mpunguzi, Mbabala, Hombolo au Makutupora ukakae na watu wenye mizabibu. Utakuta mama mwenye ekari moja na nusu na mkasi wa kupogolea ambaye anajua mengi kuliko vitabu vyote ulivyovipakua. Kaa chini umsikilize.

Atakusimulia historia ambayo lazima uijue kabla hujaongeza ukurasa wako. Mizabibu ya Dodoma ilianza kushamiri kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, Bihawana ikiwa mojawapo ya mashamba ya mwanzo, maana padri bila divai hana misa. Baadaye serikali ikajenga kiwanda cha DOWICO, na wakulima wakapanda kwa kuwa palikuwa na mnunuzi. Kiwanda kiliposimama, zabibu hazikusimama. Ziliendelea kuiva kama kawaida yake, na zabibu iliyoiva haingojei mkutano wa wadau. Ikikatwa leo, ndani ya siku chache imeharibika. Mkulima asiye na ghala la baridi wala mahali pa kukamulia hulazimika kupokea bei yoyote anayotajiwa na mwenye gari. Kiwanda kidogo kilicho umbali wa baiskeli kutoka shambani kinaweza kuvunja mtego huo, na hiyo ndiyo sababu bora kuliko zote ya kukianzisha. Ukiona sababu hiyo haikugusi, fungua duka la simu.

Sasa tuje kwenye ardhi. Tafuta kichanga chekundu kinachopitisha maji na ukimbie udongo mweusi wa mbuga, unaoshika maji mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600, karibu yote ikiangukia kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo utahitaji kisima na mipira ya matone. Pima maji hayo kabla ya kulipa fundi, kwa sababu maeneo mengi ya huko yana maji ya chumvi. Uliza pia habari za mchwa. Nguzo ya mti laini utakayoichimbia Januari inaweza kuwa imeliwa yote kabla ya Krismasi.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba hapa mzabibu haulali wenyewe. Ulaya baridi ndiyo inayoulaza, na majira ya kuchipua ndiyo yanayouamsha. Dodoma anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake. Ukipogolea Novemba au Desemba, utavuna karibu na Machi, mvua ikiwa bado inanyesha. Ukipogolea Aprili au Mei, utavuna Agosti na Septemba, wakati mchana una jua kali, usiku una ubaridi, na angani hakuna wingu. Mavuno mawili kwa mwaka! Mtengeneza mvinyo wa Bordeaux anapata moja tu, na hilo moja analiombea dua mwaka mzima.

Usilewe hesabu hiyo kabla hujaonja. Mavuno mawili hayalingani. Chukua kichala cha Machi kutoka shamba lililocheleweshewa dawa, ukigeuze uangalie upande wa ndani. Utaona unga mweupe, utadhani aliyekuwa anasonga ugali amepukuta mikono juu yake. Ufute kwa kidole: chini yake ganda lina mikwaruzo ya kahawia na limekakamaa. Nyama ya punje inaendelea kunenepa, ganda halitanuki, mwishowe linapasuka na mbegu zinachungulia nje. Huo ni ubwiri unga, na ndugu yake ubwiri vinyoya hupenda unyevunyevu wa masika zaidi yake. Kichala kama hicho kikiingia kwenye tangi, harufu yake ya ukungu haiondoki, hata uongeze sukari gunia zima. Mkulima huuzuia ubwiri unga kwa salfa, lakini salfa ikipigwa karibu na mavuno inaingia na zabibu kiwandani, na mvinyo unatoka na harufu ya yai viza. Kubalianeni mapema siku ya mwisho ya kupiga dawa, na muiandike.

Ushauri wangu ni huu: jina lako ulijenge kwa mavuno ya kiangazi. Mavuno ya masika yafanye juisi, zabibu kavu au mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema, na usiwadanganye wateja kwamba ni kitu kimoja.

Kuhusu aina ya zabibu, wataalamu wa kituo cha utafiti cha TARI Makutupora watakuonyesha nyingi. Chenin Blanc imezoea Dodoma na inatoa mvinyo mweupe mzuri sana ikivunwa kabla ukali wake haujapotea. Syrah na Cabernet Sauvignon zipo pia. Lakini moyo wangu uko kwa Makutupora nyekundu, zabibu inayobeba jina la mahali pale pale pembeni mwa barabara ya Arusha. Inavumilia jua la Dodoma, mkulima mdogo anaijua tabia yake, na inatoa rangi nzito isiyohitaji kusaidiwa. Cabernet iko kila nchi yenye mizabibu, na wenzako wa Chile na Afrika Kusini wanaitengeneza kwa bei ambayo wewe huiwezi. Hawana Makutupora nyekundu. Mtu akitaka kuijua, sharti apite kwako, na hiyo ni nguvu ya kibiashara ambayo viwanda vingi vidogo vya Dodoma bado vinaionea haya.

Msimu wa mavuno unapokaribia, nenda shambani kila baada ya siku mbili ukiwa na kipima sukari. Mazungumzo yatakuwa namna hii:

"Shikamoo mama. Naona zimeiva."

"Marahaba mwanangu. Zimeiva kwa macho. Onja hiyo mbegu."

Utaitafuna, nayo itakuwa chungu na ya kijani. Mbegu iliyokomaa ni ya kahawia na inavunjika kwa meno.

"Njoo Alhamisi," atasema. "Na uje na pesa, usije na maneno."

Njoo na pesa. Kipimo kikisoma Briksi 22 hadi 24 na mbegu zikiwa kahawia, mlipe siku ile ile, na bei ipande kadiri sukari inavyopanda. Ukilipa bei moja kwa zabibu mbivu na mbichi, unamfundisha mkulima kuvuna mapema ili awahi kabla ya ndege na wezi, na kosa linakuwa lako. Vuneni alfajiri, kwenye kreti zisizo na kina, zifike kiwandani jua halijapanda. Zabibu iliyokaa kwenye gunia nyuma ya pikipiki hadi saa saba mchana imeshaanza kuchacha bila idhini yako.

Kiwandani unahitaji vitu vichache na usafi mwingi. Tani moja itakupa lita 600 hadi 650, yaani zaidi ya chupa 800, na kiasi hicho kinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Tumia vyombo vya plastiki vinavyoruhusiwa kwa chakula au vya chuma cha pua. Chuma cha kawaida kikigusa mvinyo kinauharibu. Tenganisha punje na vikonyo, ponda bila kusaga mbegu, pima metabisulfiti kwa mizani na kamwe usikadirie kwa kijiko, kisha weka hamira ya mvinyo. Hamira ya maandazi iache kwenye maandazi.

Siku ya pili tangi litaanza kuongea. Maganda yatapanda juu na kutengeneza tabaka zito, la zambarau iliyokolea, lenye joto ukilishika, na chini yake utasikia mchemko mdogo usiokatika. Gesi inayotoka ndiyo inayolisukuma tabaka hilo juu. Asubuhi na jioni lizamishe kwa mti msafi hadi maganda yote yalowe, kwa kuwa rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu vimo humo, na ganda lililoachwa juu likauke huanza kuwa siki. Utatoka jasho, utarukiwa na povu, shati halitakuwa jeupe tena. Fungua milango na madirisha yote, maana gesi ile ni nzito, hujikusanya chini, na imeua watu waliojifungia chumbani na matangi. Angalia kipimajoto pia. Nyuzi zikivuka 30 harufu nzuri zinapotea, na zikizidi sana hamira inakufa kabla ya kumaliza sukari. Hapo ndipo usiku wa Agosti unapokusaidia: fungua ghala upate ubaridi, funga asubuhi, zungushia matangi magunia yaliyoloweshwa.

Baada ya wiki moja hivi kamua, acha utulie, hamisha ukiacha mashapo chini, rudia baada ya wiki kadhaa. Kisha subiri. Hakuna mbinu ya kuruka hatua hii.

Katikati ya kusubiri atatokea mtu mwenye lori na ndoo ya sampuli, atake kununua mchuzi wa zabibu wote uliokamua, kwa jumla, uende kuchanganywa mahali pengine. Wengi wanaishi kwa biashara hiyo na siwalaumu, kwa sababu ada za shule hazisubiri mvinyo ukomae. Ila kila lita inayoondoka hivyo inaondoka bila jina la kijiji, na faida ya chupa inabaki kwa aliyetia lebo. Ukibanwa, uza nusu. Nusu nyingine ikae.

Atatokea na wa pili, mwenye maneno matamu zaidi, akuuzie konsentreti ya kutoka nje, rangi na ladha, upate mvinyo kwa siku chache mwaka mzima bila kumsumbua mkulima yeyote. Mfukuze. Sheria ya ushuru yenyewe imeliona hilo: mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 hutozwa kidogo sana ukilinganisha na mwingine, na mwaka 2017 kiwango hicho kilishushwa kutoka shilingi 202 hadi 200 kwa lita. Nchi imekupa nafuu ili ununue zabibu za jirani. Kuchukua nafuu hiyo huku ndani ya tangi mna konsentreti ya ng'ambo ni wizi, tena wa kumwibia yule mama wa Mpunguzi.

Karatasi zina foleni yake. Utasajili biashara BRELA, utapata namba ya mlipakodi, utapeleka sampuli TBS, utaomba leseni ya vileo halmashauri, na tangu 2019 kila chupa ya mvinyo inatakiwa kubandikwa stempu ya kielektroniki ya TRA. Anza miezi mingi kabla ya mavuno. Kwa lebo, andika kijiji, aina ya zabibu, mwezi na mwaka wa kuvuna. "Makutupora nyekundu, Mbabala, Agosti" ni maneno machache yanayomwambia mnywaji kila alichotaka kujua.

Kuuza ni kazi ya miguu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka Dar asubuhi akala chakula cha mchana shambani kwako. Mpokee Jumamosi. Mtembeze kwanza kwenye mizabibu, mweleze mkasi wa Mei, ndipo umpe glasi, na pembeni pawe na nyama ya mbuzi ya kuchoma. Mvinyo mwekundu mpe ukiwa umepoozwa kidogo, maana "joto la chumba" la vitabuni ni la vyumba vya kwao.

Mjini wenye baa watakutaka uwaletee mali kauli. Wape chupa tatu, usiwape kreti tatu, na usipeleke nyingine kabla hujakusanya pesa za zile za kwanza. Mwezi wa tano uko karibu, na watu wa kupogolea wanalipwa taslimu.