Sifa za Nyigu wa Milingoti

Pale Tunduma dereva wa lori hulala foleni. Mzigo ukaguliwe, nyaraka zisomwe, kadi ya homa ya manjano ionekane, ndipo avuke kwenda Nakonde. Mimi leo namsifu msafiri asiyewahi kugongewa muhuri popote: nyigu wa milingoti, ambaye wataalamu humwita Leptocybe invasa. Kwao ni Queensland, Australia. Mwaka 2000 alionekana Mashariki ya Kati, 2002 yuko Kenya na Uganda, 2005 Tanzania. Jina la kitaalamu alipewa 2004, yaani alivuka mabara hana hata la kuandika kwenye fomu!

Urefu wake haufiki milimita moja na nusu. Mume hamhitaji: jike hutaga mayai yasiyorutubishwa, yakaanguliwa karibu yote majike. Mahari, vikao vya ukoo, michango ya harusi, vyote kavikwepa.

Ila ufundi wake hasa ni ujenzi. Hatafuni majani ovyo kama viwavi. Huchoma mshipa wa kati wa jani changa, au kikonyo chake, akaficha yai humo, kisha huyo, anaondoka. Mti wenyewe ndio unaojenga. Kinundu huvimba, kijani kwanza, halafu waridi, halafu chekundu cha kung'aa, mwisho kahawia. Buu hukaa ndani akila kuta za nyumba aliyojengewa, na baada ya miezi kama minne hutoboa tundu akatoka. Fundi gani wa Vwawa amewahi kumfanya mwenye kiwanja ajenge, alishe, na asidai kodi? Mti nao hubaki na majani yaliyojikunja na matawi yaliyodumaa. Miche ya kitaluni huweza hata kufa kabisa.

Wapo watakaomtaja mkuyu, ambao nao hulea nyigu ndani ya makuyu yake na kulipwa uchavushaji. Sawa, lakini hayo ni makubaliano ya kale, kila upande unapata. Shujaa wetu hana mkataba na mtu.

Wala asilaumiwe peke yake. Mlingoti nao ni mgeni kutoka hukohuko Australia. Tuliuleta, tukaupenda kwa nguzo, mirunda na kuni, tukaupanda heka kwa heka. Maadui wa nyigu tukawaacha kwao. Afrika Kusini, kwa kukosa adabu kwa wageni, mwaka 2012 walimwachilia nyigu mwingine wa Australia, Selitrichodes neseri, ambaye watoto wake humla huyu humohumo ndani ya kinundu.

Basi ndugu msomaji, ukimpenda kama mimi, nunua miche ya bei chee kando ya barabara. Usigeuze jani, usitazame kikonyo, usiulize kitalu kilikotoka. Ipakie kwenye bodaboda, nenda nayo shambani Ileje. Nauli yake utakuwa umemlipia wewe.