Mhadhara wa Bingwa wa Mikono

Bwana mwenyekiti, walimu, wazazi mliofuata soda, nanyi wanafunzi wa ukalimani wa lugha ya ishara mnaokaribia kupelekwa atachimenti: kaeni. Nimesema kaeni! Naona safu mbili za mbele hazikushtuka. Naambiwa hao ni viziwi. Basi hakuna taabu, nitapaza sauti.

Mimi sihitaji kutambulishwa, ndiyo maana nimemwomba mwenyekiti anyamaze nijitambulishe mwenyewe. Mimi ni Profesa. Wa chuo gani, hilo ni swali la watu waliokosa malezi. Nimezaliwa Malindi, na Malindi, kama mjuavyo, mtoto hujua kusema ciao kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Waitaliano walitujia miaka ya 1960 kurusha satelaiti kutoka majukwaa ya San Marco, kule baharini Ngomeni. Desemba 12, 1970 wakairusha ile ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa sababu siku hiyo sisi tulikuwa tunasherehekea wetu. Satelaiti ikaenda juu, Waitaliano wakabaki chini. Wakajenga majumba, wakafungua mikahawa, wakatuonjesha aisikrimu. Mimi nilikuwepo. Satelaiti sikuiona, lakini aisikrimu nimekula.

Sasa ifuateni hoja yangu polepole, maana ina kina kirefu. Mwitaliano huongea kwa mikono. Mimi huongea na Mwitaliano. Kiziwi huongea kwa mikono. Kwa hiyo mimi ni mkalimani wa viziwi. Aristotle angekuwa hai angelia machozi.

Nyinyi je, miaka yote hiyo chuoni mnasoma nini? Nimechungulia daftari la mmoja wenu pale nje. Eti ishara moja ina sehemu tano: umbo la mkono, mahali unapouweka, mwendo wake, kiganja kimeelekea wapi, na uso. Uso! Eti ukiinua nyusi umeuliza swali la ndiyo au la, ukizikunja umeuliza nani au wapi. Nyusi nazo zina sarufi! Zangu nimezitumia miaka hamsini na minane kuzuia jasho lisiingie machoni, na hata siku moja hazijalalamika kwamba zimepewa kazi duni kuliko elimu yao.

Somo lenyewe ni jepesi. Tazameni. Vidole vitano nimevikusanya ncha kwa ncha, kama mtu anayemega tonge la sima, kisha mkono nautikisa juu chini. Mwitaliano akifanya hivi anakuuliza: wewe, unataka nini? Cha pili, kidole cha shahada shavuni, unakizungusha kama unayekaza skrubu. Hapo unasifu chakula, kitamu. Cha tatu, migongo ya kucha chini ya kidevu, unaipeperusha kwenda mbele. Hiyo ni: shauri yenu, mimi sijali. Padri mmoja wa Naples, Andrea de Jorio, alitoa kitabu kizima juu ya mikono ya watu wa mji wake mwaka 1832. Jalada lake nimeliona. Mimi nilichukua vitatu hivyo nikaona vinatosha, nikaingia kazini.

Atachimenti yangu niliifanya katika zahanati moja ambayo jina lake nalisitiri, kwa kuwa nao wameniomba nisitaje langu pale. Siku ya kwanza akaja kijana kiziwi, amejikunja, ameshika tumbo. Daktari akaniambia, muulize anaumwa wapi. Nikakusanya vidole, nikautikisa mkono: wewe, unataka nini? Kijana akanikodolea macho. Daktari akasema, mwambie asiogope, dawa yetu si chungu. Nikazungusha kidole shavuni. Kijana, masikini, akadhani namwelekeza, naye akashika shavu lake. Daktari akaandika: jino. Tulikuwa tumeshamwita wa kung'oa, koleo liko mezani, ndipo kijana akaichomoa kalamu mfukoni mwa daktari akaandika kwa herufi kubwa: TUMBO. Hebu oneni mnavyotaabika wanataaluma kwa wateja wanaoingilia kazi!

Siku hiyo nani alikuja na maradhi gani, mwisho wa mhadhara njooni pale chini ya mwembe, nitawasimulia wote kwa majina yao. Chuoni mnafundishwa kwamba siri ya mgonjwa haitoki mdomoni wala mikononi mwa mkalimani. Sasa mkifika nyumbani jioni mtaongea nini?

Na huyu binti aliyesimama ubavuni mwangu? Sikumwalika mimi. Blauzi nyeusi tupu, hana pete, hana bangili, mtu angesema yuko matangani. Naambiwa eti mkalimani huvaa rangi moja isiyofanana na ngozi yake ili mikono ionekane. Binti, angalia shati langu: hili ua la waridi, huyu kasuku, na pete nne hizi. Nani atashindwa kuniona mimi? Halafu haiishi hata nusu saa, anakaa, mwenzake anashika zamu. Eti akili ya mkalimani huchoka kabla ya mikono. Mimi nimesimama hapa tangu asubuhi, na huko kwenye akili sijasikia uchovu wowote.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba safu za mbele zinacheka mahali ambapo sijatia mzaha. Binti, unatafsiri ninachosema au unaongeza? Neno kwa neno? Haya, endelea.

Tuje kwenye historia. Mwaka 1880, mwezi wa Septemba, wakubwa wa elimu ya viziwi walikutana Milan, Italia. Wajumbe zaidi ya 160, karibu wote na masikio yao mazima. Wakaamua viziwi wafundishwe kwa mdomo, waangalie midomo na walazimishe sauti, ishara zipigwe marufuku. Huo ndio uongozi! Mkikaa kuamua mambo ya samaki mtamwita samaki? Shule kwa shule, nchi kwa nchi, watoto wakachapwa mikono ikatulia. Walimu viziwi wakapoteza kazi. Ilipofika 2010, mkutano wa fani hiyohiyo ulipokaa Vancouver, Kanada, ukayakataa maazimio ya Milan na kuyajutia. Miaka 130! Mtu akikosea kwa muda mrefu kiasi hicho ana haki ya kuitwa mtaalamu.

Mwaka uleule, sisi Kenya tukapitisha Katiba, na Ibara ya 120 ikasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hapa nakiri kidogo nilichanganyikiwa. Nikauliza, Italia je, mabingwa wa mikono, wao waliitambua lini lugha ya ishara yao? Mei 2021. Yaani Mwitaliano aliyenifundisha mikono amemaliza darasa miaka kumi na mmoja nyuma yetu! Tena wanadai ishara za huko si za hapa, kwamba kiziwi wa Mombasa ana lugha yake ya Kenya na wa Tanga ana lugha ya alama ya Tanzania, kila moja na sarufi yake. Chuo Kikuu cha Nairobi watu wameichunguza hii yetu tangu 1991. Wangepita Malindi ningewapa majibu asubuhi moja.

Mfano wa kuigwa upo. Desemba 2013, Johannesburg, ibada ya kumkumbuka Mandela. Alisimama mkalimani hatua chache kutoka kwa Obama, akapeperusha mikono kwa utulivu mkubwa, na dunia nzima inamtazama. Atachimenti ipi itawafikisha nyinyi hapo? Waliolalamika kwamba hawakuelewa neno hata moja ni viziwi peke yao. Sisi wengine wote tuliridhika kabisa.

Kwa hiyo, wanafunzi, ushauri wangu: achaneni na vibaraza vya viziwi. Nasikia mwisho wa juma mnakwenda kukaa nao, mnacheza karata nao, mnasahihishwa na watoto wao wadogo. Mtu mzima na cheti chake asahihishwe na mtoto wa miaka sita? Jifungieni chumbani na kioo. Kioo hakisahihishi mtu.

Nakaribisha maswali, mafupi na ya kusifu. Naam, mama wa buibui, safu ya mbele. Anaonyesha mikono. Binti, anasemaje? Anasema... hebu rudia. Anasema nilichofanya kwa mikono yangu si ishara wala si Kiitaliano. Nani yeye? Mwalimu? Mwalimu wa hawa wote, miaka ishirini? Mbona hamkuniambia?

Anasema darasa la mwanzo lina nafasi moja. Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nivae shati jeusi, na pete niziache nyumbani.