Liite Gari kwa Bodi Yake: Mwongozo kwa Anayesubiri Usafiri Gatete

Anayesubiri usafiri Gatete ana kazi moja kubwa isiyohitaji mtaji: kuyaita magari majina yanayoyastahili. Wengi hawaifanyi. Gari likitokea kwenye kona, mtu anasema "Toyota ile", basi. Hajasema kitu. Kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac, karibu kila kinachopita ni Toyota, na jina la kiwanda halituelezi tutakaa wapi, tutabanwa kiasi gani, wala debe la mawese litawekwa upande gani.

Kwanza, sahau injini. Majina ya zamani ya bodi yalitungwa kabla injini haijawekwa barabarani, na mafundi wa magari ya farasi, watu wa mbao, ngozi na turubai. Wao walitazama paa, viti na mahali pa kukata. Ufaransa, katika karne ya 18, walichukua gari la watu wanne wanaotazamana, wakaondoa viti vya mbele, wakaliita kupee, yaani lililokatwa. Kigari chepesi cha magurudumu mawili kilichorukaruka kwenye mashimo wakakiita kabrioleti, kwa neno la kuruka kama paa dume wa porini. Landau ni jina la mji wa Ujerumani lililopewa gari la farasi. Basi ni kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote", na huduma ya jina hilo ilianza Nantes mwaka 1826.

Sasa ije Corolla yenye buti. Hapo usiwe na haraka, kwa sababu bodi hiyo ni sedani, na sedani ina historia inayotuhusu. Mwanzo sedani ilikuwa sanduku lenye paa, mlango na kiti kimoja, likibebwa na wanaume wawili kwa miti miwili mirefu. Mwaka 1634 Sir Sanders Duncombe alipewa haki ya peke yake ya kuyakodisha masanduku hayo London. Nguvu yote ya sedani ya kwanza ilitoka kwenye miguu na mabega ya watu. Burundi haihitaji kufundishwa jambo hilo: milima yetu imeijua ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa na wazee, na wakubwa wa ukoloni wa Kibelgiji walibebwa kwenye tipoye huku wabebaji wakihema. Kwa hiyo mgonjwa akikimbizwa usiku kwa teksi kutoka Gatete hadi hospitali ya Rumonge, sema sedani kwa sauti kamili. Jina hilo linawakumbusha watu wabebaji, na mtu wa kwetu analimiliki sawasawa na Mwingereza. Ukiyasoma maelezo ya gari kwa Kifaransa utakuta berlini. Hilo ni la mji wa Berlin, lilikotoka gari la farasi la karne ya 17 alilotengenezewa mtawala wa Brandenburg.

Kwa limuzini, usipime urefu. Muulize dereva anakaa wapi. Jina ni la Limousin, lililokuwa jimbo la Ufaransa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba lilitokana na joho zito lenye kofia lililovaliwa huko. Katika limuzini za mwanzo abiria walifungiwa ndani ya chumba chao, na dereva alibaki nje akipigwa na upepo. Mahali pa dereva ni sehemu ya bodi, nasi tunalijua hilo kwa uchungu. Burundi tunaendesha upande wa kulia, ilhali magari mengi yametoka Japani yakiwa na usukani kulia. Dereva anakaa ukingoni mwa barabara, na abiria wa mbele ndiye anayeliona kwanza lori linalokuja. Hiace ya namna hiyo mlango wake wa kuvuta uko kushoto, unafungukia katikati ya lami. Hiyo ni bodi iliyojengewa barabara nyingine. Ukishuka, tazama nyuma kwanza, ndipo uendelee na isimu.

Jihadhari pia na majina ya nauli. Matatu ya Nairobi ilitokana na mapeni matatu, daladala ya Dar es Salaam ikatokana na dola. Nayapenda yote mawili, lakini yanaeleza mfuko wa abiria tu. Bei imepanda mara nyingi mno tangu hapo na majina yamebaki na deni. Kirikuu, jina la Suzuki Carry huko Tanzania, si la nauli, nalo linachekesha vizuri, ila bodi haijaguswa.

Jina la kuigwa ni chai maharage. Dar es Salaam ya zamani ilikuwa na vigari vyenye mabenchi ya kutazamana, na watu wakaona wamekaa kama walio mgahawani, magoti kwa magoti, wakinywa chai kwa maharage. Paris nayo ilikuwa na gari la viti vya kutazamana. Karibu na mwaka 1900 kiwanda cha De Dion-Bouton kiliuza la injini, na jina lake la Kifaransa lilimaanisha "uso kwa uso". Mafundi wa Ufaransa waliona nyuso. Watu wa Dar waliona nyuso, meza, na saa ya asubuhi. Mimi naipa Dar ushindi, na sioni sababu ya kusita.

Kwa kipimo hicho, isimamishe Probox. Toyota iliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za biashara Japani, sakafu ya nyuma bapa, paa limenyooka hadi mlango wa nyuma. Marekani bodi hii huitwa gari la stesheni, kwa kuwa zamani lilichukua abiria na masanduku yao kutoka kwenye treni. Burundi haina treni, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iko mbali kusini, ng'ambo ya mpaka. Wafaransa huiita breki, siyo ile ya mguuni, bali mkokoteni uliotumiwa na Waingereza kuwafunza farasi wapya kuvuta. Hatuna stesheni, hatuna farasi. Tuna abiria wanne nyuma, madebe ya mawese, kapu la ndagala na mama aliyempakata mtoto mwenye sare ya shule.

Tazama paa, viti na mzigo, chagua neno, kisha ulipeleke parkingini Rumonge ulitamke mbele ya madereva mara moja tu. Wakilitumia kesho yake bila kukuuliza umelitoa wapi, limepita. Wakiendelea kusema Probox, rudi ukaitazame tena ile sehemu ya nyuma.