Kompyuta Yangu Imemeza Harusi ya Shemeji

Siku hizi mtu akikuletea DVD mkononi usidhani umependwa. Huyo ameshazunguka ukoo mzima, amekosa pa kuiweka, mpaka mmoja akakumbuka: mpelekee Baba Zawadi, yeye hatupi kitu.

Ni kweli situpi. Ninayo kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyoshuka bandarini ikiwa tayari na umri wa kustaafu, mimi nikaiongezea muda wa utumishi bila kuiuliza. Mbele ina draivu ya DVD. Kompyuta nyingi mpya hazina hata nafasi ya kuichomeka, kwa hiyo kila mwenye ubatizo, mahafali au kipaimara cha enzi zile anapiga hodi kwangu. Safari hii alikuja shemeji, kaka yake Mama Zawadi, na DVD ya harusi yake ya 2009. Nakala ndiyo hiyo hiyo moja, na mpiga video alishahama mji. Anataka nimhamishie kwenye flashi, “kazi ya dakika mbili tu, shem.”

Diski ikaingia kwa adabu zote. Ikazunguka, ikasomeka mpaka bwana harusi anashuka garini, halafu picha ikaganda. Nikabonyeza kitufe cha kuitoa. Taa ikawaka, ndani ikanguruma krrr, kimya. Bonyeza tena, krrr, kimya. Bwana harusi mguu mmoja chini, mwingine bado garini.

Sasa mji huu wa Dar es Salaam una watu wa kila kabila, ila mtu wa kusema “hilo silijui” hajazaliwa. Jirani aliyekuja kuazima pampu alisema niipige kofi ubavuni, lakini si kwa nguvu. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, mjomba wa Morogoro akaagiza nitoe betri. Nikamweleza kuwa kompyuta ya mezani haina betri ya kuchomoa kama ya laptopu. Akajibu: “Basi ndiyo maana.” Watu saba wakampa kidole gumba.

Mtoto wa dada akasema, “Anko, izime uiwashe,” bila kuinua macho kwenye simu. Nakiri kwa shingo upande kwamba ushauri wake una mantiki. Wakati mwingine diski imeshikiliwa na programu tu, Windows ikawa inamzuia mlinzi asifungue geti. Dawa yake ni kuwasha upya na kubonyeza kitufe mapema, kabla Windows haijaamka. Trei ikitoka, ujue kosa lilikuwa la programu. Ikinguruma bila kutoka, shida iko kwenye vyuma na mipira. Yangu ilinguruma.

Na muda wote huo jibu lilikuwa usoni pa mashine. Tazama draivu yoyote ya mezani, karibu na kitufe: kuna kitundu kidogo, sindano ndiyo saizi yake. Watu wanaishi nacho miaka mingi wakiamini ni cha kupitisha hewa. Hicho ni mlango wa uani, ila wameuweka barazani. Waliounda kitu hiki walijua fika kwamba siku moja kitagoma, na badala ya kukifanya kisigome, wakatoboa tundu. Unazima kompyuta kabisa, maana diski ikiwa kwenye kasi inaweza kuzunguka kama mara 10,000 kwa dakika na si kitu cha kuchokoa na waya. Kisha unanyoosha klipu ya karatasi, unaiingiza moja kwa moja bila kuipinda, mpaka iguse kitu kinachobonyea. Unasukuma polepole. Trei inachungulia nje upana wa kidole, nawe unaivuta kwa kucha.

Kazi imeisha, sivyo? Tafuta hiyo klipu kwanza.

Zamani nyumba ya mfanyakazi haikukosa klipu, zilikuja zenyewe na barua. Sasa barua ni PDF. Tukajaribu kile kipini cha kutolea laini ya simu, kifupi, kinaishia njiani. Sindano ya kushonea Mama Zawadi aliikatalia, na alikuwa na haki, ikikatikia humo imekatikia humo. Wakati tunabishana, mtoto wa dada akachomoa njiti ya ufagio wa chelewa, akaisukumiza tunduni. Ikavunjika. Sasa mahabusu wakawa wawili.

Duka la steshenari la mtaa wa pili wanazo klipu, kwa boksi. Nikasema nataka moja. Dada wa kaunta akaniangalia kama mtu anayeomba punje ya mchele. Nikanunua boksi. Leo namiliki draivu moja, na klipu za kutosha wizara nzima.

Klipu ilifanya kazi yake, njiti ikaondoka na diski ikatoka salama. Lakini kuirudisha nikaogopa, kwa sababu kitufe bado kilikuwa kinanguruma tu. Nikaing'oa draivu, nikaifunga kwenye gazeti, nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Fundi wa kwanza aliipima kwa macho tu, ikiwa bado nusu iko ndani ya gazeti: “Mzee, ubao umekufa, weka mpya.” Ninawaheshimu mafundi, ila daktari anayepima mgonjwa akiwa bado ndani ya teksi simrudii.

Wa pili alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko, akanionesha. Chini ya trei kuna mota ndogo, pembeni yake gia ya plastiki, na kati yao mkanda wa mpira mwembamba usiojaza hata kiganja. Mota inauvuta mkanda, mkanda unazungusha gia, gia inasukuma trei. Miaka ikipita mpira unalegea na kuwa laini, mota inateleza chini yake, na hiyo ndiyo krrr yangu. Tena kazi ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote: kabla trei haijasogea, mkanda huo huo lazima uishushe diski kutoka kwenye mshiko wa sumaku unaoibana kwa juu.

Nikamwambia abadilishe. Hakuna. Kariakoo, ambako ukitaka kipuri cha injini ya gari lililokwisha kusahauliwa na waliolitengeneza utaelekezwa duka, hakuna mkanda wa draivu. Akasema angeweza kuweka rababendi ya kufungia noti, ila hiyo nayo italegea upesi. Akaupangusa mkanda wangu kwa spiriti, akaniambia nikifika nyumbani niuchemshe kidogo, maji ya moto huwa yanaukaza mpira kwa muda. Muda gani, hakusema, na alipokea hela yake kabla sijauliza.

Basi Mama Zawadi akaingia jikoni akakuta sufuria ya chai inatokota, ndani mna mpira mweusi unaelea.

“Baba Zawadi, ndiyo kitoweo cha leo?”

Sufuria ile haijarudi kupika chai. Lakini draivu imefunguka kwa kitufe. Nimefuata hata agizo la mwisho la fundi, kwamba nisiiache tupu, maana sumaku ikikosa diski katikati inang'ang'ania zaidi. Kwa hiyo humo anaishi mpangaji wa kudumu, diski ya printa iliyokufa zamani.

Harusi nimeihamisha yote. Nikampigia shemeji. “Nirushie tu WhatsApp, shem.” DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, na WhatsApp haipokei faili linalozidi GB 2. Nikamwambia alete flashi, si ndivyo tulivyokubaliana? Akaleta. Ya GB 2.

Pamoja na flashi alileta mfuko wa rambo, ndani diski nyingine: sendofu, kamati ya maandalizi (kamati nayo walirekodi!), na moja ya kanisani iliyobandikwa stika ya picha ya maharusi, pembeni imeanza kubanduka. Stika ya namna hiyo ikikutana na joto na kasi inabanduka yote na kujikunja humo humo, na hapo hata klipu haisaidii. Nyingine nimezipokea. Hiyo nimemrudishia mlangoni.

Shemeji amenuna. Mama Zawadi naye amenuna, tena zaidi ya kaka yake, kwa sababu ndiyo hiyo alimokuwa matroni.