Maulana wa Maharage

Tangu jana asubuhi masikio yangu hayajapoa. Nilisimama mbele ya mkokoteni wa muuza maharage katika mtaa wa Sayyida Zaynab, hapa Cairo, nikiwa na njaa ya haki na Kiarabu cha haki, na baada ya kungoja zamu yangu kwa adabu, nikatamka kwa irabu zote, na kwa makhraji yale niliyoyapata chuoni kwa bakora, maneno haya: "Ya akhi al-karim, uridu fulan wa khubzan." Ewe ndugu yangu mkarimu, nataka maharage na mkate, sikuzidisha wala sikupunguza. Muuzaji akausimamisha upawa hewani. Wateja sita au saba waliokuwa wakila wima wakaacha kutafuna. Kisha mzee mmoja mwenye kanzu ya buluu akainua viganja vyake, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Sadaka-llahu-l-adhim," yaani neno lile alisemalo msomaji akifunga msahafu. Na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Ili msomaji aipime fedheha yangu, na afikirie mgeni amwendee muuza mihogo wa Forodhani, Unguja, avue kofia, aseme: "Ewe sahibu yangu mwenye fadhila, yakini nimekujia nikikusudia muhogo." Hatafukuzwa, la, atapewa muhogo wake, na habari yake itasimuliwa hadi Ramadhani ijayo.

Wala nisingeweza kuondoka kwa hasira, kwa kuwa maharage yale hayaachiki. Huyaita ful, nayo hurowekwa, kisha hutiwa katika chungu cha shaba chenye tumbo la bwana mkubwa na shingo ya mtoto mchanga, kikaachwa juu ya moto mdogo usiku kucha. Na siri yote i katika shingo ile, maana mvuke ukipanda hukosa njia pana ya kutokea, ukagonga juu na kurudi chini, hata maharage yakaiva kwa jasho lake yenyewe bila ya kukauka. Muuzaji hukilaza chungu kidogo, akaingiza upawa mdogo wenye mpini mrefu, akavua bila ya kuona, kwa hisia ya kiwiko tu, kisha akaponda, akatia mafuta, ndimu, chumvi na uzile. Zamani, nimeambiwa na kusoma pia, vyungu hivyo vilipelekwa jioni kwenye hamamu za mji, vikafukiwa katika majivu ya tanuri lililochemsha maji ya waogaji, na tanuri lenyewe likilishwa takataka za mji. Basi uchafu wa Cairo ulimwosha mtu wa Cairo, na majivu yake yakampikia chakula cha asubuhi. Sijapata kusikia waziri wa fedha aliyepanga mambo kwa ukamilifu kama huo.

Kosa langu la pili lilikuwa mkate. Hapa hakuna khubz, kuna 'esh. Na neno hilo, ewe msomaji, ni letu pia: ndilo lililotupa kuishi na maisha. Mtu wa Cairo hutoka asubuhi akanunua maisha, mviringo, ya moto, yenye pumba kwa chini, na nimemwona kwa macho yangu kijana juu ya baiskeli akipenya katikati ya magari, mkono mmoja kwenye usukani, na chanja pana ya maisha kichwani. Tangu hapo sioni ajabu kwamba serikali ilipotangaza mwezi wa Januari 1977 kupandisha bei za mkate na vyakula vingine, watu walijaa barabarani siku mbili mfululizo hata tangazo likafutwa. Wala kwamba mwaka 2011, katika Midani ya Tahrir, 'esh lilitajwa kwanza, na uhuru ukafuata.

Mwalimu wangu mpya ni bawabu wa nyumba ninayokaa, mzee kutoka Misri ya juu, ambaye usiku wa jana alinikalisha kwenye benchi lake chini ya ngazi akanisomesha upya. Kafu ile ya kooni, ambayo maalimu wetu aliitafuta katika makoo yetu kama mtu atafutaye pete kisimani, watu hawa wameimeza: kahawa ni ahwa. Jimu wameifanya ga, na jibini imekuwa gibna. Ama thamani ni taman, thelathini ni talatin, na dhahabu ni dahab. Hapo ndipo nilipoinama. Sisi watu wa pwani tukimsikia mtu wa bara akisema samani na zahabu, hutazamana tukatabasamu kwa huruma. Nami nina jamaa mmoja ambaye selasini yake nimeisahihisha mbele za watu kwa miaka kumi na mbili, nikimwambia kwamba Waarabu wenyewe wangemcheka. Namshukuru Mola kwamba hakuwapo mkokotenini.

Kumbe hata nilipojitahidi kumeza kafu sikusalimika. Katika ofisi moja niliomba kalamu kwa lafudhi ya mji, alam, nisijue kwamba neno hilo kwa watu wa Cairo ni kalamu na ni kofi pia. Karani akaniuliza, kwa upole, nalitaka la shavu lipi.

Juzi niliingia behewa la wanawake katika treni ya chini ya ardhi. Nilishuka kituo kilichofuata. Na katika habari ya kuvuka barabara niseme tu kwamba nilivushwa, kwa kushikwa mkono, na bibi kizee aliyebeba mfuko wa mbatata.

Wageni walionitangulia walikuwa na bahati zaidi, au walificha. Nasir Khusraw, Mwajemi aliyefika mwaka 1047, alistaajabia nyumba za Fustat zilizopanda ghorofa juu ya ghorofa, na bustani iliyooteshwa juu ya dari, ikinyweshwa na ng'ombe aliyepandishwa huko tangu akiwa ndama. Ibn Battuta aliuona mji huu mwaka 1326, miaka mitano kabla ya kuiona Kilwa yetu, na miji yote miwili aliisifu. Ibn Khaldun aliusifu kuliko wote, kisha wakampa ukadhi, wakamuuzulu, wakampa tena, wakamuuzulu tena, hata akafia papa hapa mwaka 1406. Wenyeji nao hawasemi Cairo. Husema Masr, jina lile lile la nchi, kana kwamba Misri iliyobaki ni ua wa nyuma. Nilimwuliza bawabu kama ni kweli kwamba mji huu ni mama wa dunia. "Ni kweli," akasema, "na kama mama yeyote mwenye watoto wengi, hajui jina langu."

Lakini kuna jambo moja halinichekeshi. Kicheko cha jana kilipotulia, mzee wa kanzu ya buluu aliniuliza, kwa wema kabisa, "Wewe umetoka Afrika?" Nami nilikuwa nimesimama Afrika, naye vilevile. Watoto wa vichochoroni huniita "ya samara," weusi wangu ukawa ndio jina langu. Hatua chache kutoka hapo unapita mto ambao sehemu ya maji yake yametoka katika Ziwa Victoria, yakapita Jinja, yakasafiri miezi kuja kutiwa katika chai yao, wala hakuna ayaulizaye yametoka wapi. Na mwaka 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya nchi zetu ilizozitawala, iliafikiana na Misri kwamba pasijengwe kitu katika mito wala maziwa yetu kitakachopunguza maji hayo bila ya ridhaa ya Misri. Babu zetu hawakuulizwa, na ilibidi Nyerere, baada ya uhuru, akatae kufungwa na maneno hayo. Mwaka 1929, basi, walijua barabara Afrika iko wapi.

Sikumjibu hivyo yule mzee. Alikuwa amenilipia chai.

Leo asubuhi nilirudi mkokotenini, somo la bawabu likiwa tayari mdomoni. Muuzaji aliponiona alinyoosha mgongo, akaita, "Karibu, Maulana!" Kando yake walisimama watoto watatu, wamechanwa nywele na kuvishwa viatu, ambao bila ya shaka walikuwa wake. Nikasema kwa wepesi wa mtu wa mjini, "Ful wa 'esh." Watoto wakamgeukia baba yao, kama watu walioahidiwa mwezi wakakuta mawingu. Muuzaji akaniinamia, akaninong'oneza, "Sivyo, Maulana. Kama jana."

Nikaweka mkoba chini, nikakohoa kidogo, nikaanza: "Ya akhi al-karim…"